Umenichunguza, Unichunguze: Tafakari ya Zaburi ya 139

Bwana asifiwe, wapendwa.

Asanteni kwa kunikaribisha. Nilipoambiwa kwamba nitazungumza juu ya Zaburi ya 139 nilifurahi, kisha nikaogopa. Nilifurahi kwa kuwa ni zaburi niliyoikariri tangu utoto. Nikaogopa kwa sababu hiyo hiyo. Andiko tulilolizoea mno tunalipita kama mtu apitavyo mlango wa nyumba yake mwenyewe. Ukimwuliza una rangi gani, anabaki akijikuna kichwa.

Fungueni basi. Mimi nasoma Union Version, ile ya mwaka 1952, kwa kuwa ndiyo iliyonikaa kichwani, na kwa kuwa Kiswahili chake cha zamani kina maneno yatakayotufaa leo. Mistari ni 24 tu. Mstari wa kwanza: "Ee BWANA, umenichunguza na kunijua."

Tukae hapo kidogo, tusikimbilie utamu. Nani kati yetu anapenda kuchunguzwa? Anayechunguzwa ni mtuhumiwa, au mgonjwa, au mtu ambaye hesabu zake hazikukaa sawa. Ukisikia kuna watu wanakuchunguza, usiku huo hulali. Sasa Daudi anaanza wimbo kwa neno hilo, na wimbo wenyewe anamkabidhi mwimbishaji ili uimbwe na watu wote.

Nilipokuwa mdogo, sentensi "Mungu anakuona" niliisikia mara nyingi sana. Niliisikia nikiwa nimetia mkono kwenye kopo la sukari. Niliisikia nikiwa nimempiga mdogo wangu na kukana. Ilikuwa fimbo ya akiba ya watu wazima, ya kutumika pale fimbo ya kawaida haipo karibu. Sikumbuki hata siku moja ambayo nilikuwa nalia peke yangu nyuma ya nyumba, mtu akaja akainama, akaniambia, "Mungu anakuona." Nadhani wengi wetu tulilelewa hivyo, ndiyo maana tukiwa watu wazima tunaimba zaburi hii kwa midomo huku mabega yamekaza.

Na tusidhani kwamba hofu hiyo ni ukosefu wa imani. Ayubu, katika sura ya 7, anamwambia Mungu waziwazi kwamba amechoka kutazamwa. Anauliza ni lini ataachwa angalau ameze mate yake. Maneno hayo yamo ndani ya Biblia, hayakufutwa. Wapo humu ndani leo watu ambao kwao kutazamwa ni kidonda: aliyeishi na mwenzi wa kumpekulia simu na mifuko, aliyekulia katika nyumba ambamo kila kosa liliandikwa lije kusomwa siku ya ugomvi. Mtu kama huyo ukimwambia "Mungu anajua kila kitu chako", usishangae akisogea nyuma. Anahitaji kwanza kujua huyo anayemjua ana nia gani naye.

Hapo ndipo mstari wa 3 unaponisaidia. "Umepepeta kwenda kwangu na kulala kwangu." Umepepeta! Tafsiri nyingine zimelilainisha neno hilo, lakini watafsiri wa Union walilishika. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ndicho kilichotumika katika kitabu cha Ruthu, sura ya 3, pale Naomi anapomwambia mkwewe kwamba usiku huu Boazi anapepeta shayiri.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na ungo uliochakaa ukingoni, umeshonwa kwa kamba sehemu mbili. Alikaa kwenye kigoda, ungo mapajani, akarusha nafaka juu na kuipokea, akarusha na kuipokea, pumba zikipeperuka mbele yake. Halafu alitikisa kwa namna ambayo mpaka leo sijaiweza, chenga zikajitenga upande mmoja na punje nzima upande mwingine. Mwishoni akauinamia ungo na kuanza kutoa vijiwe kwa kidole, kimoja kimoja. Punje ikiruka ikaanguka chini, aliifuata, akaiokota na kuipuliza, kisha akairudisha. Punje moja! Nilimwuliza kwa nini anajisumbua. Akasema, "Na hii nayo ni chakula, mjukuu wangu."

Hakuna mtu anayepepeta mchanga, wapendwa. Hupepetwa kitu ambacho mwenyewe anakitaka. Nilipokuja kuusoma mstari ule nikimfikiria bibi na ungo wake, mabega yangu yalishuka kidogo. Mungu wa zaburi hii hanitazami kwa mbali akiwa na daftari. Kwenda kwangu na kulala kwangu kumo mikononi mwake, ameinama, anatoa vijiwe.

Mstari wa 4: "Maana hamna neno ulimini mwangu usilolijua kabisa, BWANA." Hapa sina budi kuwaambia jambo langu.

Mwaka jana kuna mtu alinikosea. Sitasema ni nani wala alifanya nini; itoshe kusema ni mtu tuliyekula naye sahani moja miaka mingi. Usiku mmoja, yapata saa nane, usingizi umegoma, nikashika simu nikaanza kumwandikia. Ujumbe wa kwanza ulikuwa mrefu, wenye maneno ambayo mama yangu angeyasikia angeziba masikio. Nikaufuta. Wa pili ulikuwa mfupi na wenye adabu, na kwa ile adabu yake ulikuwa mkali zaidi. Nao nikaufuta. Wa tatu ulikuwa mstari mmoja tu. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kutuma. Nikausoma tena, nikaona aibu, nikaufuta, nikailaza simu kifudifudi juu ya meza kama vile ndiyo iliyokosa. Kulipokucha nilikwenda ibadani. Nikasalimia watu. Mzee mmoja akanishika mkono akanisifu kwa upole wangu.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Yule mzee hakulala ndani yangu usiku ule. Lakini yupo aliyelala, na jumbe zote tatu alizisoma, pamoja na ile furaha ndogo mbaya niliyoisikia nilipokuwa nachagua maneno ya ule wa pili. Nitarudi kwenye jambo hili, tukifika kwenye mistari ambayo huwa tunairuka.

Kwanza tumwone Daudi akikimbia. "Niende wapi nijiepushe na roho yako?" Anayekimbia hivi hatuoni ajabu, Adamu alijificha katikati ya miti, Yona akaenda bandarini, akalipa na nauli kabisa ili aende mbali na uso wa Bwana. Daudi anasafiri kwa mawazo tu: juu mbinguni, chini kuzimu, kisha anazitwaa mbawa za asubuhi mpaka pande za mwisho za bahari. Kwa Mwisraeli asubuhi huchomoza mashariki na bahari kuu iko magharibi. Kwa hiyo amekata dunia yote kwa kasi ya mapambazuko, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na kila anakofika anakuta mwenyeji wake ameshafika.

Nabii Amosi, sura ya 9, anatumia safari hiyo hiyo: kuzimu, mbinguni, vilindi vya bahari. Ila kwa Amosi ni tishio. Watu wanakimbia hukumu na mkono wa Bwana unawatoa mafichoni. Ramani ni ile ile. Mkono ndio unaofanya kazi nyingine. Kwa Daudi, "Huko nako mkono wako utaniongoza, na mkono wako wa kuume utanishika." Mtu aliyeshikwa na askari na mtoto aliyeshikwa mkono akivuka barabara wote wameshikwa, na wote hawawezi kuponyoka, lakini nyuso zao hazifanani.

Katika safari hiyo kuna kituo kimoja ambacho sitaki tukipite haraka. "Ningefanya kuzimu kitanda changu, Wewe uko." Nimekaa na watu wenye sonona. Wengine wamo humu, na wamekuja leo kwa nguvu ambazo sisi wengine hatuzijui. Kwao kuzimu si mahali pa chini ya ardhi. Ni kitanda chenyewe, saa nne asubuhi, pazia halijafunguliwa, na mtu hawezi kuinua mguu auweke sakafuni. Angalieni Daudi hasemi "ukaniinua." Hasemi "nikapona." Hayo yanaweza kuja, na daktari na dawa ni njia mojawapo ya kuja kwake, msimfiche mtu asiende kutibiwa kwa kisingizio cha imani. Lakini katika mstari huu yapo maneno mawili tu: Wewe uko. Hata kabla mtu hajainuka.

Kisha giza. "Giza na mwanga kwako ni sawasawa." Na mara mstari wa 13 unaanza na neno dogo ambalo wasomaji wengi wanalimeza: "Maana." Maana Wewe ndiwe uliyeniumba mtima wangu, uliniunga tumboni mwa mama yangu. Daudi anatoa ushahidi. Unajuaje kwamba giza halimzuii Mungu? Kwa sababu mimi mwenyewe nilitengenezwa gizani.

Na si kutengenezwa kwa kubahatisha. Pale tunaposoma "nilipoungwa kwa ustadi", Kiebrania kinatumia neno la kazi ya kutarizi, lile linalotumika katika kitabu cha Kutoka kwa pazia la mlango wa hema. Mnaotarizi mnajua: taa ikififia kidogo tu, unajichoma sindano, na uzi wa buluu unauona mweusi. Huyu ametarizi mahali pasipo na dirisha. Na pale panaposemwa mtima, Kiebrania kinasema figo. Waebrania waliziona figo kuwa makao ya hisia zile za ndani kabisa, ambazo mtu mwenyewe hajazipatia jina. Mtima ni tafsiri nzuri. Siku hizi neno hilo linalala zaidi kwenye mashairi, na ni hasara.

Nina ombi kwenu juu ya mistari hii. Tumezoea kuiandika kwenye kadi za pongezi mtoto anapozaliwa, na ni sawa. Lakini tusiiache humo. Mtoto aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, au akili inayokwenda kwa mwendo wake, naye ameumbwa "kwa jinsi ya ajabu ya kutisha". Zaburi haikuweka masharti. Na mama aliyepoteza mimba ya miezi mitatu, ambaye watu walimwambia "utapata mwingine" na kuendelea na mazungumzo, huyo ana mstari wake: "Macho yako yaliniona kabla sijakamilika." Hakuna aliyemwona mtoto yule. Hakupewa jina, hakupigwa picha. Yako macho yaliyomwona.

Ila huo mstari wa 16 unaendelea na "siku zilizoamriwa", na hapo naomba tufunge midomo yetu. Mstari huu ni wa mtu anayesema na Mungu juu ya maisha yake mwenyewe. Ukimbebea mfiwa mlangoni na kumwambia siku za mwanawe zilikuwa zimeandikwa, umeichukua sala ya mtu ukaifanya jiwe.

Nitoke pembeni kidogo. "Chuoni mwako ziliandikwa zote pia." Kijana mmoja aliwahi kuniuliza kama Mungu ana chuo kikuu. Tulicheka, nikamweleza kwamba zamani chuo ni kitabu. Na mstari wa 18, "Niamkapo nikali pamoja nawe", nimeusikia ukisomwa madhabahuni kama vile mtu akiamka anakuwa mkali! Nikali ni "ningali", bado nipo. Daudi anajaribu kuzihesabu fikira za Mungu, zinaupita mchanga kwa wingi, usingizi unamchukua katikati ya hesabu. Anaamka. Hesabu imepotea, mwenzake hajaondoka.

Laiti zaburi ingeishia hapo! Na kwenye ibada nyingi ndipo tunapoiishia, kisha tunaruka tukaangukia mstari wa 23. Tuna sababu. Sikilizeni mistari ya 19 hadi 22: "Ee Mungu, laiti ungewafisha waovu!" Na, "Nawachukia kwa ukomo wa chuki." Ukomo wa chuki, yaani chuki mpaka mwisho wake, hakuna nyingine iliyobaki ghalani. Dakika moja iliyopita mtu huyu alikuwa anaamka mikononi mwa Mungu.

Kwa miaka mingi mistari hii ilinitia haya, kama mgeni aliyeanza kufoka mezani mbele ya wazazi. Nikaona ni heri kuifunika. Usiku ule wa simu ndio ulionibadilisha. Kwa sababu niliona kwamba Daudi naye alikuwa na ujumbe wake wa saa nane usiku. Tofauti yetu ni kwamba mimi wangu niliufuta nikaenda ibadani na uso safi, na yeye wake aliutuma, akautuma kwa yule yule ambaye tayari alikuwa anaujua. Hakuutuma kwa adui. Hakuutangaza sokoni. Hakuchukua upanga. Alimletea Mungu chuki ikiwa mbichi, na akajaribu hata kuipamba kidogo: nawachukia wanaokuchukia Wewe. Sote tunaujua mchezo huo. Hasira yangu nikiivika kanzu ya utakatifu naona imependeza.

Na nadhani yeye mwenyewe alijisikia akiisema. Nadhani sauti yake mwenyewe ilimrudia masikioni, maana mstari unaofuata hauna adui tena. "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu, unijaribu, uyajue mawazo yangu, uone kama iko njia iletayo majuto ndani yangu." Sekunde chache nyuma alisema, "Enyi watu wa damu, toka kwangu." Sasa anasema, "ndani yangu." Amewafukuza waovu wote uani, akafunga mlango, akasikia kama kuna mtu anapumua chumbani.

Angalieni vitenzi. Mwanzo: umenichunguza, ukanijua. Mwisho: unichunguze, uujue. Katika Kiebrania ni vitenzi vile vile viwili, na Kiswahili chetu kimevitunza. Kilichobadilika ni herufi chache, lakini ndani ya herufi hizo kuna safari yote ya zaburi. Kule juu ni habari iliyomkuta, hakuombwa ruhusa. Huku chini ni ombi. Kazi ambayo Mungu alikwisha kuifanya, mtu huyu anaiomba upya, na safari hii ametoka mafichoni mwenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: kama Mungu anajua tayari, ombi la nini? Na kwa nini asijichunguze mwenyewe? La pili ni rahisi. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Nikijichunguza mimi, ama najisamehe mapema mno, ama najipiga kwa kosa dogo ili lile kubwa lipite kimya. La kwanza sina jibu la kitaalamu. Najua tu kwamba nilikuwa nimejuliwa usiku ule nilipolaza simu kifudifudi, na bado nilikuwa peke yangu. Upweke ulipungua wiki mbili baadaye, nilipopiga magoti nikamsomea Mungu ule ujumbe wa pili, neno kwa neno, kwa sauti. Nilikuwa naukumbuka wote. Nilipofika katikati niliona kwamba neno moja lilinihusu mimi kuliko lilivyomhusu yeye.

Petro alipitia hapo. Alikuwa ameapa kwamba hatamwacha Bwana, akamkana mara tatu kabla ya jogoo kuwika. Kisha pale ufukweni, katika Yohana 21, anaulizwa mara tatu kama anampenda. Mara ya tatu hana cha kujitetea nacho. Rekodi yake inamshtaki. Hawezi kusema, "Uliza wenzangu." Anasema, "Bwana, wewe wajua yote. Wewe umetambua ya kuwa nakupenda." Anakimbilia kwenye kujuliwa. Huko ndiko kulikobaki ushahidi wa upendo wake, kwa sababu anayejua yote anajua na kulia kule nje, pamoja na kukana.

Mtaniuliza yule ndugu yangu yuko wapi. Yupo. Hatujakaa sawa. Tulikutana msibani miezi miwili iliyopita, akaniletea kiti, nikakaa. Hatukusema zaidi ya salamu. Simu yangu ninayo, na namba yake sijaifuta.

Sasa naomba tufanye hivi. Tutakaa kimya dakika mbili. Usiombe mambo mengi. Kama upo ujumbe ulioufuta, msomee Mungu, kimoyomoyo, kama ulivyokuwa, usiupambe. Kama kitanda chako ni kuzimu, huna haja ya kusema chochote, wewe kaa tu. Kisha nitausoma mstari wa 23 na wa 24, na anayetaka atausoma pamoja nami. Asiye tayari asiusome, hakuna atakayemtazama.

Tufumbe macho.